Nati ya Nusu Inchi

Kate, Nkasi
14 Aprili 2024

Fundi Jafeti,

Salaam. Natumaini wewe na binti yako Janeth ni wazima. Sisi wazima, isipokuwa aibu tuliyoipata Pasaka.

Mwaka juzi ulipokuja kufunga bomba la zahanati yetu ulikula kwangu wiki nzima, na wakati wa kuaga ukasema nikipata shida ya maji nikuandikie. Shida yangu ya sasa ni ya joto, lakini nimeona wewe ndiye utakayeielewa.

Unajua napika pombe ya ulezi. Kazi hiyo nilifundishwa na mama mkwe wangu, Bibi Bertilla, na hata baada ya mume wangu Alphonce kufariki tumeendelea kuifanya pamoja, yeye akiwa kwenye kigoda akitoa amri. Yeye alipoza uji wake kwenye mitungi midogo mingi. Mitungi imepasuka mmoja baada ya mwingine, nami nikanunua pipa. Pipa linapika uji mwingi, lakini linakataa kupoa. Siwezi kutia kimea kwenye uji wa moto, kitaungua. Nikiuacha hadi asubuhi unaingia vumbi na inzi, unachacha kabla sijaugusa. Pasaka ndivyo ilivyokuwa. Watu walikunywa kwa adabu, huku wamefumba jicho moja.

Angela wangu anaolewa tarehe 13 Julai. Mama mkwe amesema hivi: "Ikichacha tena, tutaleta kreti za mjini, na jiko la nyumba hii tulizime kabisa." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nimesikia mafundi wa mjini wanaweza kukunja bomba liwe kama nyoka, likatiwa ndani ya pipa, maji baridi yakapita humo na kuondoa joto. Ni kweli?

Sikupiga simu kwa kuwa simu haichori, na mchoro wa pipa uko nyuma ya karatasi hii. Tena simu ya nyumba hii anaishika mama mkwe, naye anapokea kwa spika.

Wako,
Otilia (Mama Angela)


Sumbawanga
21 Aprili 2024

Mama Angela,

Barua yako nimeipokea kwa kondakta wa basi la Namanyere. Ni kweli, na linawezekana. Jina lake ni koili.

Kabla ya kuchagua chochote nahitaji kujua mambo haya. Pipa linajaa kiasi gani ukipika? Maji unayapata wapi, na je, chombo chake kinaweza kukaa juu zaidi ya pipa? Bila pampu, maji yatashuka yenyewe tu, kwa hiyo urefu ndio nguvu yetu. Uji wako ni mzito au mwepesi? Na juu ya pipa pana nafasi gani ya kushusha na kutoa koili?

Kuhusu bomba lenyewe, nimezunguka maduka ya hapa mjini. La plastiki ni rahisi kukunja, lakini linaficha joto, halitalitoa. La stenlesi ni zuri na haliogopi uchachu, ila kulikunja kwa mkono ni kuvunja mgongo, na hapa sijaliona la saizi hiyo. Shaba inatoa joto haraka kuliko zote na inakunjika. Ubaya wake ni kwamba haipatani na kitu kichachu, hivyo koili itolewe na kuoshwa kabla pombe haijaanza kuamka. Mimi nashauri shaba.

Mimi kama unavyojua situmii pombe. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Moravian kule Mbeya na nimefuata njia yake. Lakini joto ni joto.

Barua yako nimeiandika kwenye kitabu changu cha kila siku, pamoja na hali ya hewa: mawingu, mvua kidogo jioni.

Wako,
Jafeti


Kate
28 Aprili 2024

Fundi Jafeti,

Majibu ndiyo haya. Pipa nalijaza hadi alama ya mkono mmoja chini ya mdomo. Maji ni ya chemchemi ya juu ya shamba, tunayateka na kuyaweka kwenye tangi lililo juu ya kichuguu kilichochongwa, kwa hiyo urefu upo, mtu mzima na zaidi. Uji ni mwepesi kuliko wa mtoto, mzito kuliko wa mgonjwa. Juu ya pipa pana kipande kimoja tu cha mbao, naondoa.

Masanja, mwenye mashine ya kusaga, ameniambia nisisumbuke na mjini. Ana rejeta ya lori lake bovu, ananipa bure. Anasema, "Shemeji, hiyo ilipoza injini ya tani saba, itashindwa na uji?" Nimwambieje?

Na lile la pombe nimelifikiria. Unahangaika madukani kwa ajili ya kitu ambacho hutakionja. Kama dini yako inakukwaza, niambie bila kuficha, nisije nikakutia kwenye dhambi kwa barua.

Mama mkwe anakusalimu. Anakuita "yule aliyemaliza mboga."

Otilia


Sumbawanga
6 Mei 2024

Mama Angela,

Rejeta HAPANA. Mwambie Masanja asante na asirudie. Rejeta imeungwa kwa risasi, na hilo ni madini ya sumu, mbali na mafuta na dawa zilizopita humo miaka yote. Hata bomba la friji bovu usilikubali. Anayekunywa pombe yako anakuamini.

Dhambi sijaiona. Natengeneza kitu cha kuondoa joto. Mwenye kukwazwa na koili atakwazwa na jua pia.

Koili imekamilika. Bomba nimelijaza mchanga mkavu na kuziba ncha mbili, kisha nikalizungusha kwenye mtungi wa gesi. Bila mchanga lingekunjika kama mrija wa soda na maji yasingepita. Halafu nikaligonga, mchanga wote ukatoka, na nikalisuuza mara nyingi. Janeth aliniuliza, "Baba, hilo pambo ni la nani?" Nikamwambia ni kazi.

Nimempa kondakta mfuko. Ndani utakuta koili yenyewe. Mpira wa maji wa kuteremsha kutoka kwenye tangi. Mpira mwingine wa kutolea maji ya moto (yasimwagwe, ni mazuri kuoshea vyombo). Klipu za kubana mipira. Na koki moja ya kufungia pale kwenye tangi. Pale bomba la shaba linapokutana na mpira wa kuingizia panatakiwa nati ya nusu inchi yenye pete yake ndani. Hiyo sikuipata. Kwa sasa bana kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, utavuja kidogo lakini utafanya kazi. Nikiipata nati nitaileta mwenyewe, maana kuikaza kunahitaji mkono unaojua.

Jafeti


Kate
26 Mei 2024

Baba Janeth,

Koili imefika, na ni nzuri kiasi kwamba Bibi Bertilla aliiweka mezani siku ya kwanza, karibu na Bikira Maria.

Jana tumeijaribu. Sitakuficha kitu: haikufaa. Maji yaliingia ya baridi na kutoka ya moto, tukashangilia, halafu yakaanza kutoka ya baridi vilevile yalivyoingia, na uji bado unatoa moshi. Tulipoivuta koili juu tukakuta uji umeganda juu yake kama ugali kwenye mwiko. Masanja alikuwepo, ndiye aliyenisaidia kukoroga na kuivuta. Amekaa hadi jioni, mtu mwema sana. Anakuja kila nikipika.

Mama mkwe alikwanguakwangua ule ugali wa kwenye koili, akala.

Nifanyeje?

Otilia


Sumbawanga
2 Juni 2024

Mama Angela,

Nimepokea. Kifaa kilitengenezwa kwa kadiri ya maelezo niliyopewa. Kama Masanja yupo kila unapopika, basi yuko karibu kuliko mimi, na anaweza kukushauri lililo bora.

Nakutakia maandalizi mema ya harusi.

J. Ndimyake


Kate
9 Juni 2024

Wewe fundi,

Mimi ni Bertilla. Anayeandika ni mjukuu wangu Angela, nimemwambia asiongeze wala asipunguze. (Shikamoo baba, ni mimi Angela. Naandika kila kitu kama alivyosema.)

Barua yako ya maneno machache nimesomewa. Otilia aliiweka chini ya chungu cha chumvi, akidhani sitaiona. Tangu siku hiyo anasonga ugali wenye mabonge.

Sasa sikiliza. Masanja ana wake wawili kule Kaoze na mwingine anamtafuta, lakini si hapa. Masanja anakuja kwa sababu ya ukoko. Tangu mume wangu akiwa hai, Masanja akisikia harufu ya uji wa pombe anakuja kukwangua ukoko wa chini, ndivyo alivyo, hata mama yake alimshindwa. Umemwonea wivu mla ukoko. (Hapa bibi amecheka mpaka akakohoa.)

Otilia ni mke wa mwanangu. Mwanangu amekufa, tumemlia, tumemaliza. Mimi si mlinzi wa kaburi. Mtu akiandika barua ndefu juu ya mabomba, na Otilia akaisoma mara tatu, mimi nina macho.

Hata hivyo sijakuita uje kukaa. Nimesema jibu swali la mtoto wa watu: uji unaganda kwenye hicho kinyoka chako, afanyeje? Siku zinakwisha. Nimezaliwa kwenye jiko la pombe, na sitaki harusi ya mjukuu wangu ndiyo iwe ya kwanza kunywa chupa.

Bibi Bertilla, alama ya dole gumba

(Baba, na mimi naomba ujibu. Angela.)


Sumbawanga
14 Juni 2024

Otilia,

Nisamehe barua ile. Ukiwa nayo bado, iwashie moto.

Kosa ni langu. Nilifikiria maji, na uji si maji. Maji ya moto huzunguka yenyewe ndani ya pipa, uji haujisogezi. Ule unaogusa shaba unapoa na kuganda, unakuwa kama blanketi, na joto la katikati linabaki limelala. Kwa hiyo koili isikae imetulia. Ishushe na kuipandisha polepole, kama mtu anayetwanga bila haraka, na mwingine akoroge kuzunguka ukuta wa pipa. Masanja atafaa sana kwa kukoroga. Mpe ukoko wake.

Jambo la pili, usianze kupoza ukiwa umeshakoleza uzito wote. Pika mwepesi kwanza, poza, kisha ongeza.

Umewahi kuniuliza kama najisumbua kwa kitu nisichokionja. Nikuambie: ile wiki ya zahanati, siku ya pili, ulinipa kikombe cha togwa kabla hujatia chachu. Nilikiandika. "Togwa kwa Mama Angela, tamu, ya uvuguvugu." Marehemu mke wangu Atusaye alipofariki niliacha kuandika vyakula, niliandika kazi na hali ya hewa tu. Hicho kilikuwa cha kwanza.

Nina kazi ya tangi la maji ya moto hospitalini, siwezi kutoka mwezi huu. Andika matokeo.

Jafeti


Kate
30 Juni 2024

Jafeti,

Koili imefanya kazi na imeniua.

Ijumaa tulitwanga kama ulivyosema. Masanja alikoroga, mimi nikapandisha na kushusha, Angela akashika koki. Uji ulipoa kabla jua halijaondoka kwenye paa. Bibi alitia kidole, akatikisa kichwa, akasema, "Eee." Kwake hiyo ni hotuba. Nikatia kimea, nikatia chachu, nikafunika.

Jumamosi nikafunua: kimya. Leo baada ya misa nikafunua tena: kimya vilevile. Hakuna povu, hakuna sauti. Nimeweka sikio kwenye pipa kama mkunga. Kimea kimelala chini, uji baridi kama jiwe la mtoni. Wewe wa mjini huko unajua baridi ya Ufipa mwezi Juni, na hapa kwetu asubuhi majani ya shamba yalikuwa meupe kwa jalidi. Ile chemchemi yetu inauma meno. Nilitaka upoe, umepoa ukafa.

Zamani mitungi ilipoa kidogo kidogo, na bibi aliisogeza karibu na jiko. Pipa nitalisogezaje?

Pombe ya harusi lazima nianze tarehe 9. Nikikosea hapo hakuna ya pili. Mama mkwe ameshamuuliza Meshack, mkwe wetu mtarajiwa, bei za kreti huko Laela kwao. Aliuliza kwa sauti ya chini akidhani sisikii.

Ile sehemu ya nati bado nimeifunga ule mpira wa baiskeli. Inavuja.

Otilia


Sumbawanga
4 Julai 2024

Otilia,

Basi linaondoka, naandika nikiwa nimesimama stendi.

Usilie. Koili haijui baridi wala moto, inabeba chochote unachoipa. Tarehe 9 fanya hivi. Poza kama ulivyofanya, lakini funga koki mapema, uji ukiwa bado unavumilika kwa kiwiko kama maji ya kuogesha mtoto. Usiutafutie ubaridi. Tia kimea hapo hapo. Kisha toa koili, ioshe, usiiache ndani kwa sababu ya uchachu.

Halafu ivishe pipa KWA NJE. Nimeikunja ikiwa na nafasi, ukiivuta kama springi ya godoro na kuipanua kwa taratibu itakaa kiunoni mwa pipa. Weka chungu cha maji ya vuguvugu juu ya kichuguu badala ya maji ya tangi, uyapitishe polepole, asubuhi na jioni. Juu ya koili zungushia nyasi kavu na mablanketi, yote mliyonayo. Kimea kitaamka, sio kwamba kimekufa, kinasikia baridi tu kama sisi.

Pipa lililolala nalo ulivishe hivyo leo, uone kabla hujaanza la harusi.

Nati nimeipata. Nakuja nayo Ijumaa tarehe 12. Mwambie Bibi Bertilla mboga nitakula kwa kiasi.

Jafeti


Kate
7 Julai 2024

Jafeti,

LIMEAMKA. Pipa lililolala limeamka! Nimevua hata shuka la kitanda changu kulivisha. Saa hizi linaongea peke yake jikoni kama mlevi, na bibi amekaa mbele yake analijibu.

Kesho kutwa la harusi. Njoo na nati.

Otilia


Sumbawanga
22 Julai 2024

Otilia,

Nimefika salama, nimemkuta Janeth mzima. Ameniuliza mbona narudi na kibuyu kitupu nakikumbatia kama mtoto.

Nimehudhuria harusi nyingi nikishika soda kwenye kona. Sijawahi kukaribishwa katikati ya wazee wa pombe na kuwekewa changu. Ile togwa uliyoitenga kabla ya kutia chachu sikujua ni kwa ajili yangu, niliona kibuyu kimefunikwa jani nikapita. Mpaka Bibi Bertilla alipoinua fimbo mbele ya wote: "Hiki mtu asikiguse. Kina mwenyewe." Wakwe wa Laela walinigeukia wote. Sikujua pa kuweka mikono.

Na pombe yenyewe, siwezi kusema ladha yake. Ila niliwatazama wanaokunywa. Hakuna aliyefumba jicho. Mzee mmoja alimwambia Angela, "Ukimwacha Meshack, hili pipa lije kwetu." Na niliona bibi alipoomba kata ya pili, akaiweka mbele yako, akanywa baada yako. Nadhani jiko halizimwi.

Sasa neno moja la kifundi, limenikaa rohoni njia nzima.

Nilipofungua ule mpira wa baiskeli ili nifunge nati, niliona nyuzi za bomba zina alama mpya za spana. Tena palikuwa na kipande cha tepu nyeupe kimebaki. Mpira wa baiskeli haupigi alama za spana, na tepu ile sikuituma mimi. Bomba lile lilikuwa limeshafungwa nati, na nati imeshafunguliwa.

Sikusema neno, nilifunga yangu. Sikusema kwa sababu sina haki ya kusema. Duka la kwanza nililoingia mwezi wa Aprili lilikuwa na nati ya nusu inchi, debe zima. Nilinunua moja. Imekaa kwenye mfuko wa koti langu kwa muda wote huu, hata imetoboa bitana.

Wako,
Jafeti


Kate
28 Julai 2024

Jafeti,

Nati ile Masanja aliipata kwenye sanduku la vyuma vyake, wiki ile ile mfuko wako ulipofika. Aliifunga vizuri, na tepu yake, haikuvuja hata tone. Ilikaa hivyo siku ya kwanza. Siku ya pili nilisoma tena barua yako, pale uliposema utaileta mwenyewe. Nikaazima spana yake. Aliniuliza, "Shemeji, mbona unafungua kitu kizima?" Nikamwambia akale ukoko.

Iko kwenye kikombe juu ya kabati, pembeni ya picha ya Alphonce. Sikuificha. Mama mkwe anaiona kila siku anapopanga vyombo, na kila siku anaipangusa vumbi.

Nyumba imekuwa kubwa tangu Angela aende Laela. Jana bibi aliniuliza kama kuna kitu kimeharibika kwenye pipa, ili tumwite fundi. Nikaenda kukagua. Nimekagua koki, nimekagua mipira yote miwili na klipu zake, nimepitisha mkono kwenye koili pete kwa pete, na ile nati yako nimeijaribu kwa nguvu zangu zote.

Hakuna kinachovuja. Hakuna kilichoharibika.

Njoo hivyo hivyo.

Otilia